Mwaka 217 K.K.: Msuko wa Ulimwengu katika Maandishi Matatu

Hakuna mtu aliyeishi katika mwaka 217 K.K. aliyeujua kwa hesabu hiyo. Mjini Roma ulikuwa mwaka wa makonsuli Gnaeus Servilius na Gaius Flaminius. Wagiriki waliugawa kati ya mwaka wa tatu na wa nne wa Olimpiadi ya 140. Nchini Uchina ulilingana kwa sehemu kubwa na mwaka wa 30 wa utawala wa Zheng wa Qin, aliyejitangaza Kaizari wa Kwanza mwaka 221 K.K. Kwa hivyo, umoja wa mwaka haumo katika matukio yenyewe; hujengwa na msimulizi. Makala haya yanachunguza ujenzi huo katika maandishi matatu yanayofungamana na mwaka huo, na kudai kwamba utanzu wa andiko huamua ni nani atakayehesabiwa kuwa sehemu ya ulimwengu.

Andiko la kwanza ni historia ya Polybius wa Megalopolis, aliyepelekwa Roma akiwa mateka mwaka 167 K.K. Kati ya vitabu vyake 40, ni 5 vya mwanzo tu vilivyosalia vikiwa kamili. Polybius alishikilia kwamba kabla ya Olimpiadi ya 140 matukio ya dunia yalikuwa yametawanyika, na kwamba tangu hapo yakawa kama mwili mmoja. Fundo la kuyaunganisha analiweka katika mwaka 217 K.K. Hannibal alikuwa ameliangamiza jeshi la Flaminius kando ya ziwa Trasimene katika ukungu wa asubuhi. Warumi wapatao 15,000 waliuawa, konsuli mwenyewe akiwamo. Barua yenye habari hizo ilimfikia Philip V wa Makedonia alipokuwa akitazama michezo ya Nemea huko Argos. Alimwonyesha Demetrius wa Pharos peke yake, naye akamshauri amalize vita vya Ugiriki na kuelekeza macho Italia. Punde amani ikafanywa Naupactus, ambako Agelaus aliwaonya Wagiriki juu ya mawingu yaliyokuwa yakikusanyika magharibi. Hapo ndipo, asema Polybius, mambo ya Ugiriki, Italia na Libya (jina ambalo Wagiriki waliliita bara la Afrika) yaliposukwa pamoja kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wa fani, msuko huu ni imara: barua moja yatosha kuvifanya vita viwili kuwa kisa kimoja. Hata hivyo, Polybius aliandika akiwa anaujua mwisho. Alishuhudia Carthage ikiteketezwa mwaka 146 K.K., na mawingu ya Agelaus yana uzito kwa sababu msomaji anajua mvua ilinyesha wapi. Umoja anaouona katika mwaka 217 K.K. ni umoja unaotazamwa kutoka Roma iliyokwisha kushinda.

Mipaka ya mtazamo huo inadhihirika katika masimulizi yake ya vita vya Raphia, karibu na Gaza. Tarehe 22 Juni mwaka huohuo, Ptolemy IV wa Misri alimkabili Antiochus III akiwa na askari wa miguu 70,000 na ndovu 73. Antiochus alikuwa na askari wa miguu 62,000 na ndovu 102. Polybius anaeleza kwamba wengi wa ndovu wa Ptolemy walikataa kupigana, kwa kuwa ndovu wa Libya hawastahimili harufu, sauti wala ukubwa wa ndovu wa Kihindi. Wafalme wa Misri walipata ndovu kwa kuwawinda katika pwani ya Bahari ya Shamu, kutoka vituo kama Ptolemais Theron. Uchunguzi wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndovu wa Eritrea ni wa savana, aina ambayo kwa kawaida humzidi ndovu wa Kihindi kwa kimo. Kauli kuhusu ukubwa, basi, yaelekea kuwa mapokeo ya waandishi kuliko ushahidi wa macho. Afrika inaingia katika kisa kama tabia ya mnyama. Wawindaji waliomkamata hawamo.

Andiko la pili linavitazama vita hivyo kwa jicho jingine. Mnamo Novemba 217 K.K. makuhani wa Misri walikutana Memphis na kutoa azimio lililochongwa kwa hieroglifu, kwa demotiki na kwa Kigiriki. Humo Ptolemy anashinda kama Horus, mwana wa Isis, awaangamizavyo adui zake, kisha anarejesha sanamu za miungu mahali pake. Ilhali Polybius anasema kwamba ndovu wengi wa Ptolemy walitekwa, azimio linamsifu mfalme kwa kuwateka ndovu wa adui. Mwaka hapa hauelekei Roma. Ni marudio ya ushindi wa tangu asili. Hata hivyo, sifa hizo nazo zina ukimya wake. Ni Polybius anayetaja kwamba Wamisri waliopewa silaha kwa vita hivyo walijawa na fahari, wakaanza kutafuta kiongozi wao wenyewe.

Andiko la tatu liligunduliwa mwaka 1975 katika kaburi huko Shuihudi, mkoani Hubei. Aliyezikwa ni Xi, karani wa dola ya Qin, pamoja na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye maandishi, vingi vikiwa vya sheria. Miongoni mwavyo imo tarihi fupi inayoanzia mwaka 306 K.K. na kukomea 217 K.K. Chini ya mwaka 262 K.K. inataja shambulio la jeshi la Qin, kisha kuzaliwa kwa Xi wakati wa kuwika jogoo. Hakuna kiungo wala sababu. Vita na mtoto mchanga vimewekwa bega kwa bega.

Tarihi hiyo haina msuko, na kwa sababu hiyo inampa mtu mdogo nafasi ambayo msuko wa Polybius haukuweza kuwapa wawindaji wa Bahari ya Shamu. Kwa upande mwingine, bila msuko, karani hawezi kueleza kwa nini jambo lolote lilitokea. Hili ndilo tatizo la kila historia ya dunia: kuunganisha ni kueleza, na kuunganisha ni kuacha. Mhakiki asiulize tu kama mwandishi alisema kweli kuhusu mwaka fulani. Aulize pia ni kwa uzi gani aliusuka, na ni nani waliobaki nje ya mkeka.