Mfarishi, Leso na Kiraka: Njia ya Kuchunguza Historia ya Nguo za Kuungwa

Mwanahistoria wa majengo anayo magofu ya Kilwa ya kumtolea ushahidi, na mwanahistoria wa biashara anavyo vigae na shanga. Bali mwenye kutaka kuandika historia ya mfarishi hana karibu kitu mkononi. Nguo huvaliwa hata ikachakaa. Ikishachakaa hukatwa ikawa vitambaa vya kufungia mtoto na kufutia vyombo. Kisha mchwa na unyevu huimaliza. Walakini kipo kitu kimoja kisichooza, nacho ni maneno. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba historia ya nguo za kuungwa yaweza kutafutwa katika msamiati, na kwamba msamiati huo umebeba ndani yake hukumu ambayo mtafiti asipoitambua itampoteza njia.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno. Mfarishi, neno tulilolipata kwa Kiarabu, ni kitu cha kutandika, na hasa nguo nene iliyotiwa pamba au kitu kingine laini katikati na kushonwa pamoja. Kupiga bandi ni kushikiza nguo kwa mishono mirefu kabla ya kuishona barabara, na kudarizi ni kuitia nakshi kwa uzi. Kuunga ni kushona vipande viwili vikawa nguo moja. Kutia kiraka ni kuziba tundu. Kiarabu nacho kina ruq'a kwa maana hiyo hiyo ya kiraka. Ukiyatazama haya yote, kazi ya mkono ni moja: sindano, uzi, na kipande juu ya kipande. Lakini heshima si moja. Kuunga ni kazi. Kuungaunga ni dhiki. Kukariri shina mara mbili tu kumetosha kumshusha mshonaji.

Sasa na tutazame mahali pamoja, tuone maneno hayo yametembeaje. Nimechagua Mabwerebwere, kata ya wilaya ya Kilosa katika mkoa wa Morogoro, upande ambao mtu hatarajii kusikia habari za mifarishi. Nchi ya Kilosa, pamoja na bonde la mto Mkondoa, ilikuwa katika njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji. Burton na Speke walipita bonde hilo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao waliandika kwa urefu juu ya nguo kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari. Hongo ililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti shuka mbili, na doti kadhaa zilifanya jora. Doti ingali hai hata leo kwa mtu anunuaye kanga, ijapokuwa huenda hajui kwamba anatamka kipimo cha misafara.

Katika nguo hizo ile iliyotajwa sana ni merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, ambao nchi yao ilifanya mkataba na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, viliivunja biashara hiyo, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua mahali pake. Jina halikubadilika. Wenye mali walikwenda zao, lakini neno lilibaki mgongoni mwa mvaaji.

Baadaye njia ya misafara ilifuatwa na reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ikipitia Kilosa. Kabla ya vita vya 1914 kampuni ya Heinrich Otto, wafuma nguo wa Ujerumani, ililima pamba huko Kilosa kwa ajili ya viwanda vyake. Hivyo pamba iliondoka Kilosa ikiwa haijasokotwa, na nguo ikaingia Kilosa ikiwa imekwisha kufumwa kwingine. Katika hali hiyo, kipande kilichosalia hakikuwa kitu cha kutupwa.

Huko pwani nako kipande kilipata bahati nyingine. Kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa wanawake walinunua vitambaa vya mkono vilivyochapwa maua, vilivyouzwa vikiwa vimeshikana katika jora moja. Wareno waliviita lenço, nasi tukaviita leso. Wanawake hawakuvitumia kama mfanyabiashara alivyokusudia. Walikata vitatu pamoja na vitatu tena, wakaviunga, vikawa nguo moja ya vitambaa sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo, ndiyo iliyokuja kuwa kanga yenye pindo na mji, na baadaye jina. Mombasa hata leo huiita leso. Maana yake, nguo tunayoihesabu kuwa yetu kuliko zote ilianza katika ushonaji wa vipande, na jina la kipande limebaki baada ya mshono wenyewe kutoweka.

Kiraka hakikubahatika hivyo. Wakati wa vita vya 1939 hata 1945 nguo zilikuwa haba katika Tanganyika, na miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilipatwa tena na uhaba mkubwa wa bidhaa, nguo zikiwamo. Nyakati kama hizo ndizo zilizofundisha watu kuunga kwa ustadi. Lakini ni nyakati ambazo mtu hapendi kuzisimulia mbele ya mgeni mwenye daftari. Leso husifiwa arusini, kiraka hufichwa. Na hukumu hiyo yaendelea katika lugha: sheria iliyorekebishwa vibaya husemwa kuwa imetiwa viraka. Ni katika uwanja wa mpira tu ndipo neno limeinuliwa, kwa maana mchezaji kiraka ni yule awezaye kujaza pengo lolote.

Hapana budi tujihadhari pia na haraka ya kufananisha. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya bahari, wengi wao kwa njia ya Goa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kuzunguka hata katikati, na pembe huzitia vikunjo viitwavyo maua kwa lugha yao. Moyo wataka kusema mara moja kwamba sanaa hii ilitoka kwetu. Lakini India ina desturi zake za kale za kushona nguo kuukuu pamoja. Wasidi wa Gujarat huita ngoma yao goma, nalo neno hilo ni ushahidi wa kushikika. Rangi na mishono peke yake haitoshi mpaka ipatikane alama kama hiyo.

Kwa hiyo mtafiti aendaye Mabwerebwere asianze kwa kuuliza, “Je, mlikuwa na mifarishi?” Huenda atajibiwa hapana, akaandika hapana, akarudi mjini na kosa. Na aulize: nguo ilipochakaa mliifanya nini? Mtoto alilala juu ya nini, akajifunika nini? Nani alishika sindano, na alifundishwa na nani? Na aulize kwa Kikaguru, Kisagara au Kividunda, kama ndiyo lugha ya nyumbani mwa msemaji, kwa maana yamkini aibu iliyo katika neno la Kiswahili haimo katika neno la huko. Pengine lugha hizo zina neno moja kwa kuunga na kwa kutia kiraka. Pengine zina mengi kuliko sisi. Wazee walioshona wakati wa vita wamebaki wachache mno, na wale walioungaunga miaka ya 1980 nao wamekwisha kuwa bibi. Maneno yao hayajaingia katika kamusi, na tofauti na merikani, hayana duka la kuyahifadhi.