Dola za Wangoni wa Songea: Njelu na Mshope

Dola za Njelu na Mshope zilitawala nchi ya Songea, kusini mwa Tanzania ya leo, kwa takriban miaka 40, tangu miaka ya 1860 hadi 1906. Waasisi wake walitokana na watu waliohama Afrika Kusini kukimbia vita vya enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu. Wakiongozwa na nkosi (mfalme) Zwangendaba, walivuka mto Zambezi Novemba 1835, jua lilipopatwa, na hatimaye wakafika Ufipa. Zwangendaba alipofariki katika miaka ya 1840, urithi uligombaniwa na msafara ukagawanyika. Kundi la Zulu Gama na Mbonani Tawete likashika njia ya mashariki.

Huko Songea walimkuta Mputa Maseko, Mngoni mwenzao aliyetangulia. Ujirani haukudumu: Mputa aliuawa, na watu wake wakafukuzwa hadi ng'ambo ya mto Ruvuma. Washindi nao walitengana. Ukoo wa Gama ulitawala Njelu, na ukoo wa Tawete ulitawala Mshope, upande wa kaskazini.

Waliotoka kusini walikuwa wachache. Wingi wa watu wa dola hizo ulitokana na mateka. Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengineo waligawiwa kwa manduna (viongozi wa vita), na vijana wakafunzwa kupigana kwa ngao na mkuki mfupi. Mateka hodari aliweza kupanda cheo, naye akamiliki mateka wake. Kwa hiyo kila nduna alihitaji vita ili aongeze watu, na watu ili aende vitani. Lakini watoto walilelewa na mama wenyeji: Kingoni kinachosemwa Songea leo ni lugha ya wenyeji yenye masalia machache ya kusini. Vita navyo havikuleta ushindi kila mahali: upande wa kaskazini, vita na Wahehe kati ya 1878 na 1882 viliisha bila mshindi.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na makao ya nduna Songea Mbano, na mji ukachukua jina lake. Walipopiga marufuku utekaji, manduna walikatiwa chanzo cha nguvu zao. Mwaka 1905 ilipoletwa dawa ya maji, iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, nkosi Chabruma wa Mshope na nkosi Mputa Gama wa Njelu waliingia katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Oktoba mwaka huo kambi yao ya Namabengo ilishambuliwa, na imani katika dawa ikavunjika. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa Gama alinyongwa mjini Songea pamoja na wengine wengi. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Chabruma alikimbilia Msumbiji, akafia huko. Mashamba na maghala yaliyochomwa na Wajerumani yalileta njaa kubwa.

Njelu na Mshope ziliendelea kwa jina tu, zikiwa himaya za machifu chini ya wakoloni, hadi uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963. Walionyongwa hukumbukwa kila Februari 27 katika Makumbusho ya Maji Maji, Songea.