Nuru ya chungwa katika mahandaki ya barabara

Kwa miongo kadhaa, dereva aliyeingia katika handaki refu huko Japani au katika nchi kadhaa za Ulaya alizungukwa na nuru ya rangi ya chungwa. Ilitoka katika taa za sodiamu zenye mgandamizo mdogo. Kampuni ya Philips iliziweka barabarani nchini Uholanzi mwaka 1932, kati ya Beek na Geleen, na mwaka huohuo zikawashwa Purley Way, kusini mwa London.

Mvuke wa sodiamu ukipitishwa umeme hutoa takribani mwanga wa aina moja tu, wenye mawimbi ya nanomita 589 hivi. Jicho la mtu mchana huhisi zaidi mwanga wa nanomita 555, kwa hiyo nuru hiyo haiko mbali na kilele cha uwezo wake. Taa hizo zilipoboreshwa zilifikia lumeni 200 hivi kwa kila wati, ilhali balbu ya waya ya nyumbani haifiki 20. Handaki huhitaji taa usiku na mchana, na unafuu huo peke yake ulitosha kuwashawishi wahandisi.

Japani ilikuwa na sababu ya ziada: moshi. Barabara yake kuu ya kwanza ya mwendo kasi, Meishin, ilianza kufunguliwa mwaka 1963, wakati magari yalipokuwa yakitoa masizi mengi. Chembe ndogo sana hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko wa njano, hivyo nuru ya sodiamu hupenya moshi mwembamba vizuri zaidi. Kwa matone ya ukungu, ambayo ni makubwa, tofauti hiyo karibu haipo, ingawa wengi wameendelea kuiamini. Zaidi ya hayo, lenzi ya jicho hupinda kila rangi kwa kiasi chake. Mwanga wa rangi moja hauna mtawanyiko huo, na kingo za vitu huonekana wazi.

Tairi lililoanguka njiani huonekana kwa sababu weusi wake unatofautiana na barabara iliyomulikwa nyuma yake. Kwa kazi hiyo sodiamu ilifaa sana.

Rangi ndizo zilizopotea. Gari jekundu huwa la kahawia iliyofifia, la buluu huwa karibu jeusi. Mtungi wa kuzimia moto, uliopakwa nyekundu makusudi ili uvute macho, humezwa na ukuta, jambo zito pale maisha yanapotegemea kuuona. Tiba iliyotumika ni kuziwekea alama za dharura taa zake zenyewe kwa ndani. Baada ya moto wa handaki la Mont Blanc ulioua watu 39 mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2004 agizo la usalama wa mahandaki lenye masharti kuhusu alama hizo.

Handaki la Lærdal nchini Norwei, lenye kilomita 24.5, lilifunguliwa mwaka 2000 likiwa na kumbi tatu zenye nuru ya buluu na njano pembeni. Hapo rangi iliwekwa kwa ajili ya akili ya dereva, kumwondolea uchovu na hofu.

LED ya buluu, iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014, ilifungua njia ya nuru nyeupe isiyokula umeme mwingi. Magari nayo yamepunguza moshi, na hoja za sodiamu kuhusu unafuu na moshi zimedhoofika. Mahandaki mapya sasa hutiwa nuru nyeupe, na huo ni uamuzi sahihi.