Sheria Ndogo: Zinavyotungwa na Kudhibitiwa, kutoka Mbiru ya Upare hadi Leo

Sehemu kubwa ya masharti yanayomgusa mwananchi wa Same kila siku, kama vile ushuru wa mazao, matumizi ya maji ya ndiva, malisho ya mifugo au usafi wa mnadani, haimo katika sheria zilizopitishwa na Bunge. Masharti hayo yamo katika kanuni, amri na sheria ndogo, zinazotungwa na Mawaziri, halmashauri na vijiji kwa madaraka waliyokabidhiwa na Bunge.

Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaliachia Bunge mamlaka ya kutunga sheria, na Ibara ya 97(5) inaliruhusu kukabidhi kwa mtu au idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria. Utaratibu huu una asili yake Uingereza, ambayo sheria zake za jumla zilianza kutumika Tanganyika kwa kuzingatia tarehe 22 Julai, 1920. Huko nako kanuni za Mawaziri huwasilishwa Bungeni, chini ya sheria maalumu ya mwaka 1946.

Upare ulikwisha kuonja uzito wa jambo hili kabla ya mwaka huo. Katika miaka ya vita kuu ya pili, machifu wa Wilaya ya Pare, ambao mamlaka yao yalitokana na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, walianzisha ushuru wa kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Wananchi wakauita mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu waliteremka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya. Wanawake nao waliingia katika mgogoro huo, hususan Usangi, ambayo leo imo Wilaya ya Mwanga. Hatimaye mbiru iliondolewa na kuwekwa kiwango kimoja kwa wote. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mgogoro huo, kilichochapishwa 1971. Kilichokosekana wakati ule kilikuwa njia ya wazi ya mlipaji kusikilizwa kabla ushuru haujaanza kudaiwa.

Njia hiyo sasa imo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Halmashauri ya wilaya inayokusudia kutunga sheria ndogo hutakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea maoni na pingamizi zao. Baada ya hapo rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aidhinishe, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwa mwananchi, hatua ya tangazo ndiyo yenye uzito kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoweza kupita kimya kuliko zote, hasa tangazo likibandikwa mahali ambapo watu wa milimani hufika kwa nadra.

Kijiji kina njia fupi zaidi. Halmashauri ya kijiji huandaa mapendekezo, mkutano mkuu wa kijiji huyajadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Bila idhini hiyo, faini inayotozwa kwa kuchunga kwenye chanzo cha maji haina msingi wa kisheria, hata kama mkutano ulikubaliana kwa kauli moja.

Aidha, sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria iliyo juu yake. Kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, kwa mfano, hakiwezi kuruhusu ndani ya hifadhi jambo lililokatazwa na Sheria ya Misitu au kanuni zake. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inabatilisha kanuni kwa kiwango ambacho inakinzana na sheria mama.

Sura hiyo hiyo inaagiza kanuni ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 6 za vikao vinavyofuata kuchapishwa kwake, na Bunge laweza kuzitengua kwa azimio. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo huzichambua, ikiangalia kama mtungaji amevuka madaraka yake. Uchambuzi huu huja baada ya kanuni kuanza kutumika, hivyo mwananchi anaweza kuwa amekwisha kulipa.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi.

Anayeona sheria ndogo imetungwa nje ya madaraka anaweza kuomba Mahakama Kuu iipitie na kuitengua. Kwanza huomba kibali cha mahakama, na maombi hayo hutakiwa kufikishwa ndani ya miezi 6 tangu kutendeka kwa jambo linalolalamikiwa.