Kambi ya Vijana na Samaki wa Mlima Kenya



Mwalimu apatapo kuwachukua vijana wake kupiga kambi kando ya ziwa Ellis au ziwa Rutundu, katika Mlima Kenya, hujitayarisha kwa mambo mengi: mahema, mablanketi, sufuria, unga na dawa ya kichwa. Maana maziwa yale yako zaidi ya futi 10,000 juu ya bahari, na baridi ya usiku huko huuma. Walakini liko jambo moja ambalo ni nadra kutiwa katika mizigo, nalo ni habari za mahali penyewe. Kijana atupapo ndoana akavuta samaki mwenye madoadoa, na utepe mwekundu ubavuni, hudhani kwamba samaki huyo yuko pale tangu mlima kuumbwa. Sivyo. Samaki yule, aitwaye trauti, ni mgeni. Na desturi ya kambi nayo, kwa namna tunavyoifuata, ni mgeni vilevile. Wageni hawa wawili walikuja karibu zamani moja, na nyayo zao zote zinaonekana katika nchi ya Nyeri.

Kwanza yafaa tujue kwa nini ziwa la juu halikuwa na samaki. Maziwa mengi ya mlima huu yalichimbwa na barafu. Zamani sana barafu ilishuka mbali kuliko ilivyo sasa, ikikwangua mawe na kusukuma kifusi mbele yake. Iliporudi nyuma iliacha mashimo, nayo yakajaa maji. Samaki hana miguu. Apandaye kutoka mto Tana hukutana na maporomoko, kama yale ya mto Nithi, na hapo safari yake imekwisha. Hata kama angalipita, samaki wa nchi za joto hawayawezi maji yale ya baridi. Kwa hiyo vijito vya juu vilikuwa na wadudu wa majini, vyura na kaa, wala samaki hawakuwamo.

Basi trauti alifikaje? Kwao ni mbali. Waingereza walipokwenda kukaa nchi za ng'ambo walitamani mito ya kwao, na samaki wa mito ile. Tabu ilikuwa safari, kwa kuwa trauti mzima hufa upesi katika maji ya moto yasiyotembea. Mwaka 1864 jambo hili lilifumbuliwa: badala ya samaki yalisafirishwa mayai, yamelazwa katika kuvu mbichi ndani ya visanduku, na visanduku vikazungukwa na barafu katika merikebu iitwayo Norfolk, toka Uingereza mpaka Australia, na toka hapo mpaka kisiwa cha Tasmania. Yai likiwa katika baridi hukua polepole sana, hata likavuka bahari kabla ya kuanguliwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hila hii ni ya kusifiwa, hata kama hatuipendi kila kazi iliyofanywa kwayo.

Katika Kenya aliyeanza ni Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka kusini ya Afrika mpaka Misri, aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1905 alileta mayai ya trauti wa Loch Leven, ziwa la Scotland, na watoto wao wakatiwa katika mto Gura, unaoshuka toka milima ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare. Reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi tangu mwaka 1899, lakini toka reli mpaka mto ule hapakuwa na njia ya gari, na mizigo ya siku zile ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Jina la Grogan limo vitabuni. Wapagazi hawamo, ingawa mtu mmoja kujikwaa kungalitosha kuimaliza habari yote. Mwaka 1910 aliletwa trauti wa aina ya pili, toka Afrika Kusini, naye ndiye mwenye ule utepe mwekundu. Toka mitoni alipandishwa mpaka maziwa ya juu, na mwaka 1948 serikali ilijenga mahali pa kuangulia mayai, Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri.

Kazi hii haikufanywa kwa sababu ya njaa. Ilikuwa mchezo wa walowezi, na mwenye kuvua alitakiwa awe na leseni. Wakikuyu, wenyeji wa miteremko ile, hawakula samaki. Kwao alikuwa kitu cha kuchukiza, jamaa ya nyoka. Watu wa mlimani hawakuulizwa shauri, wala kaa na wadudu walioanza kuliwa hawakuwa na wakili. Sisemi hivi ili kijana aitupe ndoana yake. Nasema ajue ya kuwa maji yale yalikuwa na maisha yake kabla ya trauti, na kwamba walioyageuza walijipendeza nafsi zao.

Sasa tuje kwa mgeni wa pili. Robert Baden-Powell alikuwa askari, akajulikana kwa kuulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu siku 217, mwaka 1899 na 1900. Pale aliona wavulana wakipeleka barua na kushika zamu, akatambua kwamba mtoto aliyeaminiwa hufanya kazi ya mtu mzima. Mwezi wa Agosti 1907 aliwakusanya wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, pwani ya kusini ya Uingereza. Wengine walitoka katika shule za matajiri, wengine walikuwa wana wa watu wa kazi, na aliwachanganya kwa makusudi katika makundi manne. Kila asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala, aliyoipata katika vita vya Matabele mwaka 1896. Hivyo pembe ya Afrika ililia katika kisiwa cha Ulaya miaka miwili tu baada ya samaki wa Ulaya kutiwa katika mto wa Afrika.

Hapa nasimama kidogo. Kijana wa Kimasai hakumngoja Mzungu amfundishe kulala nje, wala mchunga mbuzi wa Meru hakuhitaji kitabu ili awashe moto penye mvua. Kilichokuwa kipya ni kule kuwachanganya watoto wa daraja mbalimbali. Na hilo hasa ndilo lililochelewa huku kwetu. Uskauti ulianza Kenya mwaka 1910, lakini shule za ukoloni zilitengwa kwa rangi, na vikundi vya vijana vilitengwa pamoja nazo. Chakula cha Brownsea kililiwa pamoja. Cha Nairobi kila watu na chao.

Mwaka 1938 Baden-Powell, mzee na mgonjwa, alikuja kukaa Nyeri katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, mwenye miaka 83, akazikwa mjini humo, kaburi likielekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya maskauti yenye maana ya kwamba mtu amekwenda nyumbani. Mto Gura hauko mbali na hapo, wala Kiganjo.

Vijana wangu wa chuo nilipowapandisha ziwani, niliwapumzisha kwanza siku nzima, maana ajaye upesi toka chini huumwa kichwa na kukosa usingizi. Vibali vya kuvua vilikatwa mapema. Waliponiuliza kama samaki wale wataisha, niliwajibu kwa kuwaonyesha kijito. Trauti hutaga katika changarawe safi yenye maji ya baridi yanayotembea. Mayai yakifunikwa na udongo hukosa hewa, yakafa. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo halizai, lazima liletewe watoto wa samaki toka chini. Tuliona pia jinsi barafu ya kileleni ilivyobaki kidogo kuliko ile iliyokutwa na Mackinder, aliyefika kilele cha Batian wa kwanza, mwaka 1899. Msitu ukikatwa na maji yakipata joto, trauti ndiye atakayetangulia kusema, kwa kuwa ndiye asiyevumilia.

Samaki wa kwanza alitolewa na kijana wa Kikuyu, ambaye babu yake asingalimgusa. Alimshika kwa mikono miwili, akacheka kwa hofu kidogo, kisha akauliza waliombeba walilipwa kiasi gani. Tulimchoma kwa chumvi. Wawili walikataa kuonja, tukawapa ugali na maharagwe.