Kisasi na Dola: Mwisho wa Sholay Ukitazamwa kutoka Kianyaga

Wahakiki wengi wamezichukulia filamu za Kihindi kuwa burudani tupu ya nyimbo na ngumi. Makala haya yanadai kwamba Sholay, filamu ya kisasi iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutolewa tarehe 15 Agosti 1975, ni hati ya kisiasa, na kwamba siasa yake imo hasa katika tukio la mwisho.

Wanakijiji wa Ramgarh hutozwa nafaka na jambazi Gabbar Singh. Thakur Baldev Singh, aliyekuwa afisa wa polisi, ameuliwa jamaa zake na kukatwa mikono yote miwili na jambazi huyo. Badala ya kuitegemea serikali, anawakodi wezi wawili, Jai na Veeru. Iwapo mlinzi wa sheria mwenyewe haiamini sheria, mkulima amwendee nani?

Sippy alikuwa amepiga picha za mwisho ambamo Thakur anamuua Gabbar kwa kumkanyaga. Lakini India ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975, na wadhibiti wa filamu wakaukataa mwisho huo. Katika toleo lililoonyeshwa, polisi wanatokea na kumtia Gabbar mbaroni. Polisi hao hawakuletwa na mantiki ya msuko, bali na dola.

Kwa nini tukio hilo lichunguzwe Kianyaga, mahali panapokumbuka Hali ya Hatari nyingine, ile ya 1952 hadi 1960? Ni kwa sababu mnamo Aprili 2009 wanakijiji wa eneo la Kirinyaga, ulimo mji huo, waliochoka kutozwa fedha na kundi la Mungiki, waliunda vikosi vyao na kuwaua washukiwa. Mwezi huohuo kisasi kilijibiwa: watu wasiopungua 29 waliuawa usiku katika kijiji cha Gathaithi, karibu na Karatina, na watu walioshukiwa kuwa wa kundi hilo.

Miisho yote miwili ya Sholay hufunga hesabu, mmoja kwa kifo na mwingine kwa pingu. Hilo lawezekana kwa kuwa Gabbar haonyeshwi akiwa na ndugu wa kumlilia. Gathaithi yatufunza kwamba nje ya filamu kila anayeuawa ana wake, na kwamba polisi wasipofika, hadithi huanza upya kwa mtu mwingine.