Mmea Uliobaki Peke Yake: Historia ya Café Marron na Makazi Yake Kisiwani Rodrigues

Rodrigues ni kisiwa kidogo cha volkano katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa Mauritius, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 108. Kisiwa hiki ndicho asili pekee ya Ramosmania rodriguesii, mmea wa kichaka wenye maua meupe ulio wa familia moja na mbuni. Wenyeji huuita kwa Kikrioli café marron, yaani kahawa ya mwituni. Neno marron lilitumika pia katika makoloni ya Wafaransa kumtaja mtumwa aliyetoroka. Insha hii inajenga hoja kwamba kunusurika kwa mmea huu hakukuwa kunusurika kwa makazi yake, na kwamba masimulizi yanayosifu tukio la kwanza huelekea kulifunika la pili.

Ushahidi wa kwanza umo katika majani. Mche mchanga huota majani marefu, membamba, yenye rangi ya kahawia iliyochanganyika. Mmea ukishapanda juu hutoa majani mapana ya kijani yanayong'aa. Watafiti wameihusisha tofauti hii na kobe wakubwa waliokuwa walaji wakuu wa mimea kisiwani: majani ya chini hayakuwavutia, na ya juu hawakuyafikia. François Leguat, aliyeishi Rodrigues kati ya 1691 na 1693, alieleza jinsi kobe hao walivyojaa nchi kwa makundi. Katika karne ya 18 walisombwa kwa meli kwa maelfu kuwa kitoweo cha mabaharia na cha wakazi wa Mauritius, na kufikia takriban 1800 walikuwa wametoweka. Badala yao wakaja mbuzi na ng'ombe, ambao kinga ile haikuwazuia. Aidha, misitu ilikatwa na kuchomwa, na mimea ya kigeni ikatwaa nafasi yake.

Hivyo basi, Isaac Bayley Balfour alipofika mwaka 1874 pamoja na msafara uliokwenda kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, alichokiorodhesha kilikuwa tayari mabaki ya uoto wa asili. Katika karne ya 20 café marron ilihesabiwa kuwa imetoweka. Hukumu hiyo ilitenguliwa karibu na mwaka 1980, si na msafara wa wanasayansi, bali na mwanafunzi wa kisiwani aliyeuona mmea mmoja baada ya mwalimu wake kuwaelekeza wanafunzi kutafuta mimea ya asili.

Ugunduzi huo ulileta hatari mpya. Kwa kuwa mmea huo ulisifika kama dawa, watu waliuendea kukata matawi, hata ikabidi uzungushiwe uzio. Mwaka 1986 vipande vya matawi vilipelekwa kwa ndege katika Bustani za Kew, London, na kimoja kikaota. Kilichanua kwa miaka mingi bila kuzaa. Mwaka 2003, baada ya majaribio ya kurudiarudia ya uchavushaji, Carlos Magdalena alifanikiwa kupata tunda lenye mbegu, na baadaye kizazi cha mmea huo kikarejeshwa Rodrigues.

Simulizi hii kwa kawaida huishia hapo, kwa furaha. Kwa mwanahistoria, hapo ndipo swali linapoanzia. Mbegu ziliweza kurudi kwa ndege, msitu haukuweza. Juhudi za kurejesha uoto wa asili, kama zile za hifadhi ya Grande Montagne, ni kazi ya mikono inayodai kung'oa mimea ya kigeni na kupanda ya asili mwaka hadi mwaka. Mwaka 2007 ilifunguliwa pia hifadhi yenye jina la Leguat, ambamo wamewekwa kobe wa Aldabra, ndugu wa mbali wa wale walioangamizwa.

Kwa hiyo, kutoweka kwa makazi ya café marron kusichukuliwe kuwa ajali ya maumbile. Ni matokeo ya biashara, ufugaji na utawala wa kikoloni, yaani mambo yenye tarehe na wahusika. Miche ya leo inayokuzwa vitaluni ingali ikitoa majani yale membamba ya kahawia, ikijikinga na mlaji ambaye hayupo tena kisiwani tangu zaidi ya miaka 200 iliyopita.